Umenunua Nyumba, Umenunua na Kosa Lake

Hotuba kwa wenye nyumba wapya, Kisauni, Mombasa

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu mlioketi na nyinyi mliosimama kule mlangoni: assalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote. Nashukuru mmekuja Jumamosi, siku ambayo fundi yuko nyumbani kwako na wewe haupo kumwangalia. Nitajitahidi nisiwaweke sana.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya vibali vya ujenzi. Nikamwambia sawa, lakini sitazungumza na mtu mwenye kiwanja kitupu. Huyo bado ana nafasi ya kuanza vizuri. Nataka kuzungumza na yule aliyenunua nyumba iliyosimama tayari, akalipa, akapaka rangi, akahamisha watoto, kisha asubuhi moja akakuta karatasi ya kaunti imebandikwa langoni. Inamwambia chumba cha juu hakina kibali, au ukuta wake uko barabarani, au jengo zima halijulikani kule ofisini. Najua mpo. Mwenyekiti alipouliza nimeona mikono iliyoinuka, na nimeona mingine iliyotaka kuinuka ikarudi mapajani.

Neno la kwanza analosema kila mtu akiipata karatasi ile ni hili: "Si mimi niliyejenga." Ni kweli, wala halikusaidii. Sheria inayotumika hapa Kenya ni ile ya upangaji na matumizi ya ardhi, nambari 13 ya mwaka 2019, na kifungu chake cha 72 kinasema notisi hupewa mwenye mali, au anayekaa ndani, au wakala, au aliyeendeleza. Angalieni mpangilio huo. Mwenye mali ametangulia. Aliyejenga ametajwa mwisho, na mara nyingi huyo keshahamia bara au keshavuka bahari kutafuta riziki, na simu yake haishiki. Kaunti inalishughulikia jengo, na jengo halihami. Kosa umelirithi pamoja na kisima, mwembe na bili ya maji.

Kumdai aliyekuuzia ni haki yako na nitarudi huko baadaye. Lakini hilo ni shauri jingine kabisa, lina mwendo wake. Notisi nayo ina siku zake, na hazisimami kukungoja umalize kugombana na mtu.

Siku zenyewe ni 14. Ukipewa notisi na hukubaliani nayo, una siku 14 tangu siku uliyopewa kukata rufaa kwa ile kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi, nayo inatakiwa isikilize na iamue ndani ya siku 30. Ukishindwa pale, mlango uliobaki ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huko huendi kubishana tena juu ya vipimo. Unakwenda na hoja za sheria tu. Kwa hiyo picha, michoro, ripoti ya mhandisi, risiti, kila ulicho nacho kiwekwe mezani mapema, mbele ya kamati. Ukikaa kimya notisi ikapita, basi umetenda kosa jipya, na hili sasa ni lako mwenyewe: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Hapo huwezi tena kusema si wewe.

Kabla hujakimbia popote, isome. Mnacheka, lakini watu huniletea notisi ambayo hawajaisoma. Wameona nembo, wameona mhuri, wameona neno kubomoa, wakaikunja wakaitia mfukoni. Sheria inataka notisi iseme ni sharti gani limevunjwa, ni hatua gani uchukue, inaanza kufanya kazi lini, una muda gani, na una haki gani ya kukata rufaa. Isiyosema hayo ina kasoro, na wakili wako atafurahi kuiona.

Tazama pia imetoka kwa nani. Idara ya mipango ya kaunti ni ofisi moja. Afisa wa afya ya umma ana notisi zake, hasa za vyoo na mashimo ya maji taka. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, hiyo NCA tunayoijua, inahusika na makandarasi na maeneo yenye kazi inayoendelea. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, inashika mazingira, pamoja na kingo za mito. Ukiipelekea idara ya mipango majibu ya shimo la choo, watakupokea kwa heshima, watakugongea mhuri wa kupokea barua, na notisi ya afya itaendelea kuhesabu siku zake kule ilikotoka. Ipige picha hapo hapo ilipobandikwa, andika tarehe na saa, kisha ndiyo uibandue. Na kama kuna fundi juu ya paa, ashuke. Kazi yoyote inayoendelea baada ya notisi inakuharibia kesi hata kama ni kupiga plasta tu.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Wengi wenu mkipata notisi mnauliza: nitapataje kibali? Nawaomba mliahirishe swali hilo. Kwanza ulizeni: nyumba hii itasimama? Kisha: imesimama mahali pake? Mkishapata majibu ya hayo mawili, kibali kina njia yake na nitaieleza. Ninachokiona kila mwaka ni kinyume. Mtu anakimbilia karatasi, anaipata kwa njia anazozijua mwenyewe, halafu analala usingizi chini ya slabu ambayo hakuna aliyeipima.

Sikuja kuwatisha, lakini tuikumbuke Huruma. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka kule Huruma, Nairobi, karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa. Jengo lile lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama, na bado wapangaji walikuwa ndani, kodi inalipwa kila mwezi.

Sisi wa Pwani tuna adui wa nyongeza, chumvi. Nyumba nyingi za miaka iliyopita zilijengwa kwa mchanga wa ufuoni ambao haukuoshwa, zege ikachanganywa kwa maji ya kisima yenye chumvi, na juu yake upepo wa bahari unapiga mchana na usiku. Chumvi ikipenya mpaka kwenye nondo, nondo inashika kutu. Kutu haikai kimya mle ndani. Inafura, inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, basi inaisukuma zege kutoka ndani mpaka inapasuka. Mwenye nyumba anaona ufa chini ya boriti, au kipande cha zege kimedondoka kwenye roshani, anaita fundi, fundi anapiga plasta na rangi. Baada ya masika mawili ufa umerudi, na safari hii una rangi ya chai.

Jifunzeni kuzisoma nyufa. Ufa mwembamba unaokwenda ovyo kwenye plasta, huku na huku kama mistari ya mkononi, mara nyingi ni wa juu juu. Ufa ulionyooka unaofuata nondo, chini ya boriti au kwenye pembe ya nguzo, ni wa kutu. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka kwa ngazi kwenye viungo vya mawe unakuambia msingi umekaa vibaya upande mmoja. Msinitarajie niseme ile methali ya ufa na ukuta. Mmeisikia tangu darasa la pili, na isitoshe haiko sawa kwa mambo haya. Ufa wa namna hii ukiuziba tu, umeficha ushahidi ambao mhandisi angeuhitaji.

Halafu kuna habari ya ghorofa za kupandishiwa. Hii ndiyo notisi iliyo ya kawaida kuliko zote hapa mtaani, na nataka niwe na huruma ninapoieleza, kwa sababu kila hatua ilikuwa na sababu njema. Mwenye nyumba wa kwanza alipitishiwa ramani ya nyumba ya chini. Mwanawe alipooa, mzee akapandisha ghorofa moja. Wapangaji walipoanza kutafuta vyumba mtaa huu, wakapandisha ya pili. Tangi la maji la lita elfu kadhaa likawekwa juu kabisa, na lita elfu moja ni uzito wa tani moja, msisahau. Msingi haukuambiwa lolote kati ya hayo. Bado unabeba kwa upana ule ule uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini na paa la makuti au mabati. Kisha mzee akafa, warithi wakauza, ukanunua wewe.

Mhandisi wa miundo akija atafanya nini? Atafukua shimo kando ya ukuta, mahali pamoja au zaidi, aone kina cha msingi na umekaa juu ya nini. Ana nyundo maalumu ya kugonga zege, inampa makadirio ya ugumu wake bila kuivunja. Ana kifaa cha kutafuta nondo ndani ya zege, kimwambie ziko ngapi na zimepangwa vipi. Akiwa na shaka atakata sampuli ya zege, mfano wa bomba fupi, ipelekwe maabara. Baada ya hapo atafanya hesabu na kukuandikia ripoti yenye sahihi na mhuri. Hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Uliza nambari yake, wala usione haya. Fundi hodari tunamheshimu, tunamhitaji, lakini mhuri hana.

Na mhandisi akikuambia ghorofa ya juu ishuke, ishushe. Najua inauma. Ni pesa zako za muhula wa shule zimelala pale. Lakini kubomoa chumba kwa hiari yako, kwa mpango, ukaokoa mabati, milango, madirisha na mawe yako, ni jambo moja. Kubomolewa alfajiri ukisimama nje na kanga ni jambo jingine. Tena ukienda mbele ya kamati ukasema, mhandisi amepima, hii tumeishusha wenyewe, hii iliyobaki ameithibitisha, utasikilizwa kwa sikio tofauti.

Mama mmoja hapa mbele ananong'ona kwamba mhandisi ni ghali. Ni kweli, mama. Ila muulize bei ya kuangalia na kutoa ushauri wa kwanza kabla hujamuuliza bei ya kazi nzima. Wengi watakuja kuangalia, na pengine akakuambia tatizo lako ni mifereji ya paa inayomwaga maji kwenye msingi, basi.

Nyumba ni imara. Imesimama mahali pake? Hapa namtaka mpima ardhi aliyesajiliwa, atafute bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa na wapima, akuonyeshe kwa miguu yako mwenyewe mpaka unapopita. Usitegemee ua. Ua huwekwa na binadamu, na binadamu hupenda kujiongezea hatua mbili.

Hukumu ambayo kila mwenye nyumba wa Mombasa anapaswa kuijua ilitoka kwetu hapa, Nyali. Ni kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mwaka 2017 kaunti iliingia kwenye kiwanja kinachotazama bahari, ikauangusha ukuta ili ifungue njia ya kwenda ufuoni. Kampuni ilikuwa na hati. Ilikuwa imenunua, na kabla yake kiwanja kilikuwa kimepita mikononi mwa wamiliki wawili. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 majaji wakasema kwamba ardhi ile ilikuwa eneo la wazi la umma, kwamba ugawaji wake wa kwanza haukufuata sheria, na kwamba aliyenunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati. Mkiitafakari hukumu hiyo kwa utulivu mtaacha kabisa kuniambia, "Lakini mimi nina hati." Hati inaeleza umepewa nini. Haielezi kama aliyetoa alikuwa na haki ya kutoa, na haisemi lolote juu ya jengo lililo juu yake.

Kwa hiyo makosa ya mahali nayagawa hivi. Ukuta wako ukiwa juu ya barabara, njia ya kwenda ufuoni, njia ya bomba la maji taka, chini ya laini kubwa ya umeme, au kwenye ukingo wa mto, usitafute kuhalalishiwa. Hakuna afisa anayeweza kukuuzia barabara. Rudisha ukuta ndani, piga picha, andika barua kwamba umetii. Lakini kama jengo liko ndani ya kiwanja chako, tatizo ni kwamba limesogea mno karibu na mpaka wa jirani kuliko kanuni zinavyotaka, hapo pana mazungumzo. Nenda kwa jirani kabla ya kwenda kwa kaunti. Nenda jioni, kaa, kunywa kahawa, mweleze. Notisi nyingi huanza na malalamiko ya jirani, na jirani huyo huanza kulalamika kwa sababu maji ya paa lako yanamwagikia kwake, au dirisha lako linatazama uani kwa wake zake. Ziba dirisha, geuza mfereji. Huenda barua yake ya kuridhia ikawa na uzito kuliko kurasa zangu kumi.

Sasa karatasi. Hapa nitakwenda haraka kwa sababu njia yenyewe imenyooka kwa mtu ambaye nyumba yake ni imara na iko mahali pake.

Anza kwa kuomba faili. Kabla ya kaunti kuja mwaka 2013, ramani zilipitishwa na Halmashauri ya Manispaa ya Mombasa, na makaratasi ya zamani hayakukaa vizuri yote wakati wa kuhama. Inawezekana kabisa nyumba yako ina ramani iliyopitishwa ambayo hata aliyekuuzia hakuijua. Andika barua, taja nambari ya kiwanja, omba nakala ya ramani na kibali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kukujibu. Tia mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Usilipie michoro mipya kabla ya kujua kama ya zamani ipo.

Ikiwa haipo, au ipo lakini nyumba imeipita, msanifu majengo aliyesajiliwa atakuja kupima na kuchora nyumba ilivyo. Nasema ilivyo. Kuna watu humwomba msanifu achore nyumba wanayoitamani, aufute ule ukumbi wa nyuma, ili ipite. Mkaguzi akija na mchoro mkononi akakuta ukumbi umesimama, umekwisha. Michoro hiyo, pamoja na ya miundo, ripoti ya mhandisi, uthibitisho wa umiliki na risiti za reti, ile kodi ya ardhi ya kaunti, ndiyo inayokwenda kama ombi.

Na liwe ombi kweli, kwa lugha ya ombi. Kifungu cha 57 cha sheria ile ile kinampa waziri wa kaunti uwezo wa kukuamuru uirudishe ardhi ilivyokuwa kabla. Maana yake kuhalalishiwa jengo lililokwisha kusimama si haki ya kudai kifua mbele. Kuna wanaotembea na kifungu cha 58 mfukoni, kwamba usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 inahesabika umekubaliwa. Kifungu hicho kipo. Lakini sikushauri ukifanye ngao kwa nyumba iliyojengwa bila kibali, ukasherehekea siku ya 61. Wakili mzuri akikuambia vinginevyo kwa kesi yako, msikilize yeye.

Halafu atakuja mtu. Siku zote huja. Ana faili ya plastiki kwapani, anakujua jina, anakuambia hii kazi ndogo, nipe kiasi fulani, wiki ijayo inaisha. Nisikilizeni vizuri. Mbali na kwamba ni haramu, na kwamba Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, hongo haiachi faili. Unalipa, notisi inanyamaza, afisa anahamishwa, anakuja mwingine, anafungua kabati na kukuta notisi ya zamani haijajibiwa. Unaanza upya na siku zako 14 zilikwisha pita. Lipa ada kwa njia rasmi ya kaunti, kwa nambari ya kiwanja chako, na uzitunze risiti pamoja na hati. Kama umeitwa ofisini, nenda na mtu wa pili.

Naona watu wa Mji wa Kale wameanza kutazamana. Ninyi mna safu moja zaidi. Mtaa ule ni eneo la hifadhi, na ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa inatazama vitu ambavyo kwingineko hakuna anayevijali: mlango wa kuchonga, roshani ya mbao, baraza, urefu wa jengo kuhusiana na la pembeni. Mtu amenunua nyumba ambayo mwenyewe wa zamani aling'oa madirisha ya mbao akaweka aluminiamu, na sasa anaambiwa ayarudishe. Nendeni mkazungumze na ofisi ile kabla ya kuajiri mtu. Wanawajua mafundi wa mbao na wa chokaa waliobaki, na mara nyingi watawaambia mapema ni lipi wanaloweza kulivumilia. Na msipige saruji ngumu juu ya kuta za matumbawe na chokaa. Unyevu unafungiwa ndani, ukuta unaoza.

Kuna pia ndugu zetu wenye nyumba bila ardhi. Mgeni wa Mombasa akisikia hayo hushangaa, lakini sisi tunajua: nyumba yako, ardhi ya mtu mwingine, unalipa kodi ya kiwanja kila mwezi, na ununuzi wenu uliandikwa mbele ya mzee wa mtaa. Wakati mwingine mwenye ardhi ni wakfu. Ukipewa notisi katika hali hii, mwenye ardhi aandikiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu ombi la kuhalalisha halitakwenda bila idhini yake, na yeye pengine hajui kwamba ulipandisha ghorofa. Afadhali alisikie kwako kuliko alisikie kaunti. Mkizozana mbele ya kamati mtashindwa nyote wawili.

Wa nyumba za ghorofa, nyinyi mlionunua fleti: tangu Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, kuta za nje, paa na ngazi ni mali ya wote, husimamiwa na shirika la wenye fleti. Mmoja akifunga balkoni yake kwa vioo bila idhini, usidhani ni shauri lake peke yake. Na notisi ikija kwa jengo zima kwamba ghorofa ya mwisho haikuwa kwenye ramani, msimwachie yule wa juu. Iteni mkutano wiki hiyo hiyo, mchange pesa za mhandisi mmoja. Aidha, ukiigeuza fleti yako nyumba ya wageni wa siku mbili mbili, hayo ni matumizi mengine na yanaweza kuhitaji idhini yake.

Niliahidi kurudi kwa aliyekuuzia. Fungua mkataba wenu. Kama kuna mahali aliandika kwamba jengo lina vibali vyote, wakili ana pa kushika. Kama hakuna, kazi ni ngumu zaidi, lakini kama ulimuuliza kwa ujumbe wa simu naye akajibu "usijali, kila kitu kiko sawa," usiufute ujumbe huo. Mdai gharama halisi: risiti ya mhandisi, ya michoro, ada za kaunti, gharama ya kubomoa. Ndiyo maana nawaambia kila shilingi iwe na risiti, maana hizo ndizo hesabu utakazompelekea.

Na nyinyi mlioletwa na marafiki, ambao bado hamjanunua, msinunue mbuzi ndani ya gunia. Upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi hautakuonyesha jengo. Mwambie muuzaji alete ramani zenye mhuri wa kupitishwa na cheti cha kuruhusu jengo likaliwe. Ishike ramani mkononi, tembea chumba kwa chumba. Ukihesabu vyumba vitano kwenye karatasi na saba nyumbani, umepata sababu ya kuzungumza bei upya, au ya kuondoka. Kama bado unaitaka, mwambie wakili wako sehemu ya pesa ibaki mikononi mwa mawakili mpaka vibali vikamilike. Muuzaji mwenye vibali hatakasirika.

Bwana yule pale nyuma ameuliza, je, akiuza yeye kabla kosa halijarekebishwa? Uza, bwana, si dhambi. Lakini notisi uiweke kwenye mkataba, na bei ifuate. Ukiificha, mnunuzi wako atakuja kukaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia sasa, na akishamaliza na kaunti atakuja kwako.

Nimemaliza upande wangu. Msanifu na mpima ardhi tuliokuja nao wako kwenye meza ya kulia, hawatoi bei leo, wanasikiliza tu na kuelekeza. Naomba tusijipange kwa umri wala kwa aliyewahi kufika. Mwenye notisi yenye tarehe ya ndani ya siku 14 aje mbele kwanza, na notisi yenyewe mkononi. Wengine tutawangoja.